Fungu la Mgeni

Jumanne moja kinyozi alifunga duka mapema kidogo kuliko kawaida, maana mashine ya kunyolea ilikuwa imepata joto mpaka wateja wakawa wanaruka kitini. Alikung'uta kitambaa cha kuwafunikia watu pale mlangoni, akafagia nywele, akazipangusa brashi kwa spiriti, akapita kwenye pazia linalotenganisha duka na sebule. Sebuleni alimkuta mkewe anakunja mashuka ya hoteli, kazi aliyokuwa akiifanya nyumbani kwa mkataba. Kwenye kiti cha dirishani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, palikuwa na sikio la kulia la binti yao.

"Limefika saa ngapi?" kinyozi akauliza.

"Sasa hivi, jua lilipoanza kushuka," mkewe akasema. "Ila hereni hana."

Kinyozi akavuta stuli, akakaa karibu. Maisha yake yote alikuwa akipitisha wembe nyuma ya masikio ya watu, na masikio aliyajua. Hili lilikuwa la mwanawe bila ubishi, na nyuma yake kile kikovu kidogo cha tetekuwanga. Lilikaa pale hewani, limetulia, mpaka giza lilipoanza kuingia. Hapo likaganda, likakatikakatika vipande vidogo vya mraba, likaondoka. Mkewe akamalizia mashuka yaliyobaki. Wakala, wakalala.

Sasa asije mtu akadhani wazazi hawa walikuwa na mioyo ya jiwe. Kuna jambo la kuelezwa kwanza.

Binti mwenyewe aliitwa Chiriku tangu ana meno ya utotoni, kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anaongea akila, anaongea akioga, na baba yake alikuwa anaapa kwamba hata usingizini alikuwa anajibizana na watu. Alipoondoka kwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, nyumba ilipoa ghafla, wazazi wakawa wanatazamana kama wageni, mpaka simu yake ya kwanza ya video ilipoingia. Tangu siku hiyo akawa anapiga kila jioni jua likizama. Alikuwa anawasimulia vigae vya kule, mabomba ya maji moto, watoto wa bosi wasiojua kusalimia, na paka wa nyumba hiyo aliyekuwa na kitanda chake mwenyewe. Halafu pole pole akaanza kuongea kidogo. Mama yake aliligundua hilo kabla ya baba, akanyamaza nalo.

Jioni ya mwisho simu iliita kama siku zote. Kinyozi akapokea. Kwenye kioo pakaandikwa "Inaunganisha", na kale kaduara kakaanza kuzunguka. Akasogea dirishani. Akatoka mlangoni. Akapanda ngazi mpaka karibu na ruta ya intaneti, akaishika simu juu ya kichwa kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba iliyo juu kuliko kimo chake. Kaduara kakazunguka tu. Alisikia "Ba—" na baada yake pumzi, halafu basi. Mwisho simu ikaishiwa chaji mkononi mwake.

Siku chache baadaye wakala aliyempeleka Chiriku kazini akatuma ujumbe: ni homa, ya ghafla, ameshazikwa huko huko, poleni sana familia. Ujumbe huo ulifika bila shida yoyote, maana maandishi ni mepesi.

Tangu kinyozi alipoichaji simu na kuiwasha tena, kioo kilikuwa bado kimeandika "Inaunganisha". Hakubonyeza kile kitufe chekundu. Waliokuja kuhani walimshauri akate, aomboleze vizuri, apumzishe roho. Akakataa katakata. "Mtoto kapiga mwenyewe," akasema. "Mimi nianze vipi kumkatia?" Akawa anaichaji asubuhi na jioni, na mfukoni anatembea nayo inazunguka.

Kwa hiyo sikio lilipofika hawakuona ajabu. Simu ilikuwa haijakatwa. Ilikuwa imechelewa tu.

Baada ya sikio likaja bega. Siku nyingine mkono wa kushoto peke yake, kucha zimeliwa na sabuni. Siku nyingine sehemu ya shavu. Hakukuwa na mpangilio, na jioni zenye mechi kubwa hakuja kabisa. Majirani walipita kusalimia. Mwalimu wa hesabu, mpangaji wa ghorofa ya kati, alikuja na wanawe, akawaambia wampe dada shikamoo, nao wakalipa bega shikamoo moja moja wakaenda zao. Fundi viatu wa nje aliuliza kama bega limekuja na zawadi. Mama Chiriku akamtupia foronya, akacheka kidogo, halafu akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Sauti nayo ilikuwa inakuja, lakini kwa makombo. "Ba—" ile ile. Siku nyingine "—wasisi—". Siku nyingine "lango", au pengine "mlango", kinyozi hakuwa na hakika. Alikuwa anayaweka makombo hayo kichwani, anayapanga na kuyapangua huku anamnyoa mtu, mpaka mteja mmoja akatoka na ndevu upande mmoja. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: asikie mwanawe alisema nini. Hakuwa anaomba arudishiwe mtu. Alikuwa anaomba sentensi yake.

Akamwita fundi wa mtandao.

Nyumba ile ilikuwa na ghorofa tatu na ruta moja, imetundikwa ukutani mwa ngazi, juu kabisa, mlangoni kwa mwenye nyumba. Intaneti ilikuwa ndani ya kodi, kama maji na taa ya ngazi. Mwenye nyumba, ambaye wapangaji walimwita Mzee wa Juu, hakuwa mtu mbaya. Kwenye msiba alitoa viti na turubai, na machozi yalimtoka ya kweli. Ila alikuwa anapenda vifaa. Alikuwa na televisheni kila chumba, mpaka stoo. Alikuwa na jokofu linalojua mayai yaliyobaki na kuagiza mengine dukani lenyewe. Alikuwa na kamera getini, kamera kwenye ngazi, kamera kwenye tangi la maji, na kamera za kuzilinda zile kamera zisiibiwe.

Fundi alikuja na ngazi yake ya bati na kishikwambi chenye kioo kilichopasuka. Alipanda, akachungulia, akashuka, akabonyezabonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa hakuna tatizo," akasema. "Mgawo uko sawa kabisa. Kila kifaa kinapata zamu yake, na zamu zote zinalingana."

"Sasa mbona kwangu haifiki?"

"Una vifaa vingapi?"

"Simu moja."

"Basi una zamu moja."

"Na juu?"

Fundi akaanza kusukuma orodha kwa kidole gumba. Akasukuma, akasukuma, akabadili mkono. "Juu wako wengi," akasema. "Tazama, Baba Chiriku, ruta haijui watu. Inajua sahani. Ukija na sahani moja unapakuliwa sahani moja. Akija mwingine na sahani za kujaza meza, nazo zote zinapakuliwa. Haimpendelei tajiri, haimwonei maskini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipanga hivyo, na sijawahi kulalamikiwa."

Alisema hivyo kwa fahari ya kazi, na kweli alikuwa mtu wa haki. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia.

"Na huyu?" Mama Chiriku akauliza, akaelekeza kidole kwenye kiti cha dirishani, ambako jioni hiyo palikuwa na shingo na nusu ya kidevu.

Fundi akaisalimia shingo kwa heshima, halafu akatazama kishikwambi. "Ndiyo, namwona, yupo. Lakini hana namba ya kifaa, kwa hiyo mtandao umemweka upande wa wageni. Mgeni anapewa kinachobaki wenyeji wakishatosheka."

"Kazaliwa kwenye chumba hiki," Mama Chiriku akasema.

"Naelewa, mama yangu. Lakini hajasajiliwa."

Mama Chiriku alichukua shuka lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

Kinyozi akapanda juu kuongea na mwenye nyumba. Walikaa sebuleni kwake, televisheni inawaka, ya chumba cha pili inawaka, na jokofu likawakatiza mara moja kutangaza kwamba maziwa yamekaribia kuisha. Mzee wa Juu alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama pembeni. "Nimekuelewa, Baba Chiriku, na Mungu anajua naumia na wewe," akasema. "Lakini nikizima kamera, mwizi akiingia tutamlaumu nani? Na televisheni, wajukuu wamezoea. Halafu mwenyewe umemsikia fundi. Mgawo ni sawa kwa wote. Tukianza kupendeleana humu ndani hatutaelewana." Akamsindikiza mpaka mlangoni, mkono begani, akampa na mayai.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuja na wazo. Alipita mlango kwa mlango akiwaomba wapangaji wazime vifaa vyao jua likizama, kwa muda mfupi tu, ili marehemu apate nafasi ya kufika. Hakuna aliyekataa. Jioni ile nyumba nzima, kuanzia ghorofa ya kati kushuka, ilikaa kimya na vioo vyeusi, watoto wamepangwa sebuleni kwa kinyozi kusubiri. Chiriku alifika. Ilikuwa shingo ile ile, na nyongeza yake mfupa mmoja wa bega.

Kule juu televisheni zikawa safi hivi kwamba Mzee wa Juu alitoka kwenye baraza kuuliza kama wamebadilishiwa kampuni. Jokofu likaagiza mayai mara mbili. Mwalimu akakaa chini, akapiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kidole, na alipofika mwisho uso ukamshuka. Walichokiacha wapangaji kilikuwa kimegawanywa tena, sawa kwa sawa, kwa vifaa vilivyobaki vimewaka. Alimwomba kinyozi radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekula. Jioni zilizofuata watu wakarudi kuwasha simu zao mmoja mmoja, kwa aibu, wanajificha uani. Nao pia walikuwa na watoto mbali.

Kinyozi hakuwalaumu. Alikuwa anafikiria sahani.

Asubuhi moja akatundika kadibodi mlangoni: lete simu mbovu, unyolewe bure. Sharti lilikuwa moja, iwake na ishike waifai. Kama haina kifuniko, kama kioo kimepasuka, kama inaongea yenyewe, hiyo si shida. Loo, watu walivyo na simu za zamani kwenye makabati! Walikuja na simu zilizofungwa mipira, zilizowahi kuangukia chooni, zilizobaki za wajomba waliokufa. Kinyozi alinyoa mpaka kiwiko kikavimba. Wengine walirudi mara ya pili hawana nywele za kunyoa, na simu nyingine mkononi, wakasema basi hata apitishe mashine tu ili isionekane msaada.

Mama Chiriku alizipanga simu hizo sebuleni juu ya mashuka ya hoteli, mezani, kitandani, dirishani, kwenye sakafu mpaka mlango wa jikoni. Alizifuta kila moja kwa kitambaa chenye unyevu. Kinyozi alizisajili zote, akaziunga zote kwenye ile simu aliyopiga mwanawe, na nyaya za chaji zikatambaa chumba kizima hivi kwamba walikuwa wanatembea kwa kuruka. Ikawa sasa kila simu na zamu yake.

Jua lilipoanza kushuka, Chiriku akafika mzima.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, magoti pamoja, na sare ya kazi iliyompwaya. Alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imepasuka kwa homa. Lakini kitu cha kwanza baba yake alichokitazama ni kichwa, maana ndiyo kazi yake. Nywele zilikuwa zimekatwa kwa mkasi wa jikoni, ovyo ovyo, na mtu asiyempenda. Kinyozi aliona kila mahali mkasi ulipopita. Nywele zile alizisuka mama yake siku ya safari, ikachukua kutwa nzima.

Chiriku aliisogeza simu yake mdomoni akaanza kusema, kwa sauti ya chini ambayo hawakuwahi kumsikia nayo tangu kuzaliwa.

"Baba. Naongea pole pole wasisikie. Naumwa tangu juzi. Mlango wameufunga kwa nje, na pasipoti wanayo wao. Mwambie wakala, au mtu yeyote, aje anitoe. Hata kesho. Baba, unanisikia?"

"Nakusikia," kinyozi akasema.

"Baba?"

"Nakusikia, mwanangu. Nakusikia vizuri kabisa."

Chiriku akaitazama simu yake, akaitikisa, kama watu wafanyavyo. "Mtandao gani huu," akasema. "Baba, kama unanisikia itika tu."

"Naam," kinyozi akasema. "Naam. Naam, mama. Naam."

Mama Chiriku naye akaitika, kwa sauti kubwa, mpaka wapita njia wakageuka. Chiriku akaendelea kuitazama simu. "Hanisikii," akasema, si kwa mtu yeyote. Akajifuta jasho kwa mkono wa sare, akangoja kidogo. Kisha akaisogeza simu mdomoni. "Baba. Naongea pole pole wasisikie. Naumwa tangu juzi."

Alisema yote tena. Na tena. Kila alipofika pale pa "unanisikia" baba yake alijibu, na kila alipojibiwa binti aliendelea kungoja jibu.

Wakati huo Mzee wa Juu akashuka, kavaa ndara na rimoti bado iko mkononi. Televisheni zake zote zilikuwa zimekwama, mchezaji mmoja ana mguu hewani tangu kipindi cha kwanza. Akasimama kwenye pazia, akaziona simu, akamwona aliyeketi kitini.

"Chiriku," akasema kwa upole. "Umekonda, mjukuu wangu."

Akakaa kidogo, kwa adabu, akasikiliza maneno yale mara mbili. Akatikisa kichwa. Akasema watu wa namna hiyo Mungu atawalipa. Halafu akageuka.

"Lakini Baba Chiriku, hili silo. Simu zote hizi hazina wenyewe. Mtu mmoja kujaza sahani namna hii ni kujipendelea."

Kinyozi alikuwa hamsikilizi. Alikuwa bado anaitika.

Kesho yake asubuhi fundi akaja, ameitwa kutoka juu. Hakumtazama kinyozi usoni. Alifuta usajili wa simu zile zote, kisha akapanga mgawo mpya, nao wa haki, wa kufuata ukubwa wa makazi: mwenye nafasi kubwa fungu kubwa, mwenye nafasi ndogo fungu dogo, kwa kuwa mawimbi yana kuta nyingi za kupenya kwa yule kuliko kwa huyu. Mzee wa Juu aliwaeleza wapangaji jambo hilo kwenye ngazi. Waliligeuzageuza, wakaona linasikika vizuri, na hakuna aliyeweza kuonyesha mahali lilipooza. Mwalimu wa hesabu alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kazini.

Mama Chiriku alimsubiri fundi chini. "Tulimsikia," akasema. "Kwa nini yeye hakutusikia?"

"Kuna njia mbili, mama. Ya kupokea na ya kutuma. Zile simu ziliwapa upana wa kupokea. Njia ya kutuma ni nyembamba tangu mwanzo, na kamera hazipumziki, zinatuma mchana na usiku."

"Zinatuma nini?"

"Ngazi. Geti. Tangi la maji."

Fundi akafunga begi lake, akafika mlangoni, akarudi, akalifungua.

"Kuna kitu kimoja naweza kuwafanyia," akasema. "Juu hakitaonekana, kwa sababu ni ndani ya fungu lenu wenyewe. Hicho kidogo mlicho nacho naweza kukigeuza chote kiwe cha kutuma. Mkisema, atasikia. Nadhani atasikia. Lakini hamtapokea kitu tena. Hatakuja. Hata sikio halitakuja."

"Na tutajuaje kwamba amesikia?" kinyozi akauliza kutoka dukani.

"Hamtajua."

Fundi akasema wafikirie, akaondoka.

Hapo ndipo mume na mke walipogombana, wao ambao hawakuwahi kugombana kwa kitu kikubwa zaidi ya chumvi. Kinyozi alitaka fundi aitwe siku hiyo hiyo. Mama Chiriku alikataa. "Mimi nilimzaa mzima, nikaletewa ujumbe," akasema. "Leo nimepata kumwona, japo kipande, wewe unataka kuninyang'anya. Sitaki. Nitakaa na sikio. Nitakaa na ukucha."

"Anaita pale, Mama Chiriku. Kila jioni anaita, anadhani tumemnyamazia."

"Amekufa, mume wangu."

"Mimi na wewe tunajua. Yeye bado anangoja ajibiwe."

Mama Chiriku akatoka uani akaanika mashuka, na jua lilikuwa limeshachwea. Hawakusemeshana mpaka asubuhi.

Chini ya mgawo mpya, mgeni alibakiwa na kidogo sana. Jioni iliyofuata ulikuja mdomo tu, kwenye kiti cha dirishani, bila sauti. Mama Chiriku alisogeza stuli akakaa mbele yake, magoti yanagusana na kiti. Mdomo ukafunguka, ukafumba. Alikuwa hasikii chochote, lakini maneno alishayajua, na kwa kuwa alishayajua aliweza kuyafuata yote, moja baada ya jingine, naongea pole pole, naumwa, mlango, aje anitoe. Alitazama midomo ile iliyopasuka ikiuliza, ikingoja, ikiuliza. Alijaribu kuipaka mafuta kwa kidole, kidole kikapita hewani. Jioni ya pili alikaa tena. Jioni ya tatu, mdomo ulipofika pale pa kuuliza kama unasikika, Mama Chiriku alifunika uso wake kwa shuka la watu.

"Mwite fundi," akasema ndani ya shuka.

Fundi alikuja mchana, akafanya kazi yake haraka, hakutaka chai. Jioni jua lilipoanza kushuka kinyozi alifunga duka, akafagia, akapita kwenye pazia. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Kilikuwa na mto wake na mkunjo wa mto, na nyuma yake pazia la dirisha, basi. Kinyozi akakaa kwenye stuli, simu mkononi. Mtu ambaye kwa kazi yake hakuwahi kukosa cha kumwambia mtu aliyeketi kitini, safari hii maneno yalimpotea, akalazimika kuanza mara mbili.

"Chiriku," akasema. "Nimekusikia. Nimesikia yote, mwanangu. Mlango, pasipoti, homa, yote nimesikia. Hatujakunyamazia. Usiogope. Nakuja kukuchukua. Nishatoka, niko njiani."

Alikuwa amevaa ndara na aproni ya kazi, na maishani hakuwahi kuwa na pasipoti. Kaduara kwenye kioo kakazunguka. Kule juu wakashangilia goli, picha kwao iko safi.

"Mwambie na mimi nipo," Mama Chiriku akasema.

"Na mama yako yupo. Tuko naye hapa. Tunakuja wote."

Wakangoja. Kiti hakikuwa na jibu, kama walivyoambiwa. Giza likaingia taratibu mpaka mto haukuonekana vizuri, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

"Sema tena," mkewe akamwambia. "Huenda hilo la kwanza halijafika."

Kinyozi akaisogeza simu mdomoni, akasema tena.